Herufi Moja

Umesimama mlangoni, Nyokabi, unavuta hewa
kama mnunuzi wa samaki,
unaniuliza nimesahau nini.
Krismasi ni kesho. Ploti nzima,
kuanzia chumba cha mlinzi hadi kule bombani,
ina harufu ya zambarau.
Kwangu tu ndiko hakuna kitu.

Ingia. Vua ndala, saruji bado ina unyevu.

Hiyo zambarau mimi naijua.
Mwaka wa sita sasa naimimina kwenye ndoo
kule hotelini Milimani, kifuniko kimoja kwa lita tano,
ingawa meneja hutaka vitatu:
mgeni akiingia, ajue pamesafishwa.
Kwenye chupa wamechora maua.
Sijayaona maua yale yakiota popote,
si Njoro, si Bahati, si Subukia.
Jioni navua sare, nanawa hadi viwikoni,
na bado Jebiwott akinikumbatia
anakohoa.

Mwaka jana nilinunua. Ndiyo, mimi.
Nilitaka nyumba yetu ifanane na za watu.
Nikapiga deki mara mbili, nikanyunyizia hata mapazia,
na saa sita usiku, ninyi mkiwa kanisani,
nilikuwa kwenye benchi la hospitali
nikihesabu mbavu za mtoto,
kifua chake kikipiga filimbi
isiyo na mchezo wala refa.
Sikukuu tuliila kwa mkate mkavu na chai ya kibandani.
Wewe nilikwambia tulienda mashambani.

Kwa hiyo mwaka huu nilianza Jumatatu.
Majivu ya jiko, nikayachekecha kwa leso kuukuu,
nikasugua sufuria hadi Jebiwott akajiona ndani,
akajitolea ulimi.
Ndimu za soko la Wakulima, zile zilizonyauka
ambazo muuzaji hukuongezea bila kuombwa:
hizo zilikwenda mezani, na kwenye kitasa cha mlango.
Siki kidogo na gazeti la juzi kwa dirisha.
Magodoro nikayatoa juani, nikayapiga.
Vumbi likarudi. Nikayapiga tena.
Mji huu, vumbi ndilo mwenye ploti;
sisi wengine tunalipa kodi.

Jana Kiptarus akaja kutoka Kampi ya Moto
na gunia limefungwa nyuma ya pikipiki.
Nikadhani makaa.
Kumbe leleshwa, matawi mabichi,
majani ya kijivu, chini meupe kama yamepitiwa na unga.
Nilikuwa nimesahau.
Mama alikuwa akitutandikia hayo chini ya godoro la nyasi
mvua zikianza, na hakuna aliyeyaita manukato.
Kwanza nilimpa Jebiwott jani moja alishike.
Nikangoja mchana kutwa, sikio langu mgongoni mwake.
Hakuna filimbi.
Ndipo tukayafunga kwa uzi mwekundu
uliobaki kwenye sweta yake ya shule,
moja juu ya mlango, mawili dirishani,
na la nne akalitundika mwenyewe, limepinda,
kwenye msumari wa kalenda.

Hapo ulipo huwezi kulisikia.
Leleshwa haimkimbilii mgeni mlangoni.
Inama. Sugua jani kwa kidole.
Sasa.

Unaona, kati ya kunuka na kunukia
pana herufi moja tu, nyembamba kama njiti ya kiberiti.
Hotelini wananilipa niisimamishe
kutwa, hata kama hakuna mtu chumbani.
Hapa nimeiacha ilale.
Kesho mchana kitunguu kitaiamsha,
na yule jogoo uliyekuwa ukimlalamikia.

Jebiwott? Yuko nyuma ya pazia, amelala.
Tega sikio.
Husikii kitu?
Haya basi. Hicho ndicho nilichokuwa nakisafishia.

Keti, nikumiminie chai. Tangawizi imekwisha.
Na hiyo ndala ya pili, Nyokabi,
ivue pia.