Ajenda ya Saba

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyosikika.
Kwa hiyo kumbukumbu hazitaonyesha
kwamba dirisha la ukumbi wa seneti lilikuwa wazi,
na kila Bwana Nyagol alipotaja shilingi
mpira ulidunda uwanjani, du,
kama mtu anayeweka nukta mahali pasipo pake.

Ajenda ya saba: bajeti ya michezo.
Saa nane mchana, Kakamega,
mbingu zimeshakunja uso upande wa msitu.

Bwana Nyagol alisimama na karatasi zake.
Hadubini kumi na mbili, alisema, na zinazoona ni tano.
Maabara haina gesi tangu Februari.
Na hapa naombwa basi la kwenda Njoro,
posho, bandeji, wavu mpya, viatu jozi kumi na nne.
"Chuo hiki kilijengwa kufukuza ujinga,
hakikujengwa kufukuza mpira."
Watu walicheka.
Niliandika: Mweka hazina alitoa taarifa.

Mwalimu Shivachi si msemaji.
Huvaa filimbi shingoni hata mkutanoni;
aliishika kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.
Akasoma majina. Majina tu, na matokeo.
Khasandi, uuguzi, daraja la kwanza.
Jerotich, kilimo, anapita.
Ayuma, fizikia. Hapo akameza mate.
Ayuma ameanguka kalkulasi mara mbili.

"Basi," akasema mwenyekiti, "si ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo. Na Jumatatu amejiandikisha mara ya tatu.
Wenzake saba walioanguka naye wameshahama kozi.
Mimi sijui kalkulasi, Profesa.
Najua tu kwamba tukifungwa seti mbili
huyu ndiye huomba apewe mpira wa kuanzisha."

Nilikaribia kuyaandika hayo yote.
Lakini Profesa Mmbone akavua miwani,
na Mmbone akivua miwani hakuna anayekohoa.
"Na Makhanu?" aliuliza.
Kimya.
"Makhanu wa kalenda. Wa bango pale langoni,
ameruka juu, jina la chuo kifuani,
na chini ya miguu yake tumeandika Dhamira Yetu.
Goti lilipokatika tulimpa barua ya pole
na ankara ya karo.
Sasa anauza mitumba Mumias. Juzi nilinunua soksi kwake,
akaniita Prof, akanipunguzia bei.
Nataka mniambie:
alikuwa mwanafunzi wetu,
au alikuwa rangi ya bango?"

Du, mpira. Du.

Nyagol alipanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika.
Shivachi alitazama meza, filimbi imemponyoka mkononi.
Niliandika: Wajumbe walijadili kwa kina.
Suala limeahirishwa.

Saa tisa ikashuka mvua, ile ya kwetu isiyobisha hodi,
ya mawe. Mpira ukanyamaza.
Tukaingia ajenda ya nane, maegesho ya magari,
tukakaa humo saa nzima.

Jioni nilipitia maktaba kutoa nakala.
Wavu ule kuukuu, wenye viraka vya kamba ya katani,
ulikuwa umetandazwa juu ya vyuma vya roshani
kutoka rafu za sheria hadi rafu za dini,
unatona.
Na mkutubi, Mama Khavere,
ambaye hata chupa ya maji huizuia mlangoni,
alikuwa ameweka ndoo chini yake
na kurudi kwenye kiti chake bila neno.

Pembeni mwa ndoo, nywele mbichi, raba amezivua,
Ayuma, kitabu wazi mbele yake,
anafuta jibu,
anapuliza unga wa kifutio,
anaanza tena.

Tone.
Nikafungua daftari la kumbukumbu,
na pembezoni, kwa penseli,
mahali ambapo hakuna anayetia sahihi,
nikaandika saa na tarehe.