Mistari Miwili

Kopo namba mia nne na kumi na saba.
Ndani ya formalini, vipande vya goti la kulia:
Minza Lugwisha, miaka sitini na mitatu, Kirumba.
Napima kwa rula. Nne, kwa tatu, kwa moja na nusu.
Rangi: kijivu,
kama ziwa kabla mvua haijaamua.

Fundi Kulwa amekata chembamba kuliko ganda la kitunguu,
akakitia waridi na zambarau.
Nainamia darubini.
Gegedu imelika. Utando umenenepa kidogo.
Sioni usaha, sioni kifua kikuu,
sioni ile mbegu ninayoitafuta kutwa
huku naomba nisiipate.

Fomu haina nafasi ya kuuliza
ni ndoo ngapi za dagaa zilitoka Mwaloni
zikapanda mawe hadi mlangoni kwake,
juu ya goti hili.
Hayo hayaonekani, hata nikikuza mara mia nne.

Nshoma, mwanafunzi wangu, anakuna kichwa:
"Tuandike nini, daktari, na hakuna kitu?"
Hakuna kitu ndicho kitu chenyewe, namwambia.
Kiandike vizuri. Kisiwe kirefu,
msomaji asije akadhani tunaficha.

*Gegedu na utando wa goti: uchakavu wa umri.
Hakuna dalili ya saratani wala maambukizi.*

Nasaini. Umeme unacheza, unarudi.
Kesho wodini atasomewa,
atageuza shingo kwenye mto, aseme:
"Basi ndiyo hayo tu?"

Ndiyo hayo tu, mama.