Alipoteremkia Saumu

Mchezo wa redio uliisha vibaya, Alhamisi, saa tatu kasorobo:
Saumu kabeba kichwa cha cherehani ndani ya kanga,
honi ya meli ikalia, akasema, "Nateremka hapa,"
na mtangazaji akatuwekea taarifa ya habari.

Hapa wapi? Hakuna aliyetwambia.
Salha kamwandika Tanga. Time kampeleka Mombasa,
na mume mpya juu yake.
Mimi nikamteremsha Wete,
mji nisioujua ila kwa karafuu za shangazi
zilizokuja Kikwajuni ndani ya chupa ya soda.

Kurasa arubaini niliandika bila haya.
Nikampa chumba ghorofani Mtemani, dirisha limejaa bandari,
nikalipa soko saa kubwa ya ukutani.
Kisha usiku mmoja nikataka ashuke akanunue mkate
na sikujua ngazi ni ngapi.
Kalamu ikagoma kama punda wa chokaa.

Kazini nikasema nna msiba.
(Mungu anisamehe. Nusu ilikuwa kweli.)

Wete, saa mbili asubuhi. Daftari, kalamu mbili, futi ya fundi.
Gatini hadi sokoni: hatua mia tisa na kitu, kupanda.
Kupanda! Na mimi nilimwendesha tambarare,
na chuma kile kichwani mwake.
Nikaandika: apumzike mara mbili,
ya pili kwenye kivuli cha ukuta wa skuli.
Nikaandika: karafuu zimeanikwa kando ya njia, azikwepe,
harufu imwingie kwenye kanga isitoke wiki nzima.
Saa ya soko haipo. Nimeifuta.

Mtemani, ngazi sitini na nne nikipanda,
sitini na tatu nikishuka. Nikarudia.
Mtoto mmoja, mdomo umejaa embe bichi:
"Mbona wazihesabu? Kwani zaibiwa?"

Na dirisha. Minazi, tangi la maji, shuka za watu,
bahari kipande, upana wa ukucha.

"Wamtafuta nani?" kauliza mwenye mlango, Bi Mize Faki.
Saumu, nikasema. Wa redio.
Nilidhani atacheka.
Akafuta mikono kwenye leso, akaniwekea kigoda.
"Yule hakukaa huku, mwanangu.
Ntu aliyekimbia mume hakai penye ngazi,
kila apitaye atamuuliza kabeba nini.
Yule angekwenda Bopwe, chumba cha uani.
Na asingeanza na magauni. Angeanza na mito.
Mto hauna wa kuupima kiuno akamuuliza habari za kwao."

Jirani akatoka, na jirani wa jirani.
Shaame fundi akapanda na miwani kwenye paji la uso:
"Cherehani yake ya mkono ama ya miguu?"
Ya mkono, nikasema.
"Basi sindano zitamkatikia. Mwandikie anazo pakiti mbili."
Alipoona nachelewa, akachukua kalamu
akaandika mwenyewe, kwa hati ya kupima suruali.

Wakabishana hadi adhuhuri kama mume alistahiki kuachwa.
Daftari langu likapita mikononi kama sahani ya kahawa tungu.

Bi Mize alinisindikiza mpaka ngazi ya kwanza.
"Ngazi andika. Tangi andika. Bahari, hiyo ndogo, andika.
Mlango wangu usiutie."
Akatazama chini, kule barabara inakotokea gatini.
"Miye pia nliteremka hapa.
Na nlichobeba, mpaka leo hawajaniuliza."

Bopwe sikwenda. Nilifika njia panda,
nikasimama na futi yangu shingoni,
nikarudi.

Sasa Saumu anakaa chumba cha uani
ambacho sikukiona, mlango sikuupa rangi.
Mito sita keshamaliza, ya saba imekosa pamba.
Ngazi nimeandika sitini na nne, anazipanda mtu mwingine,
ya mwisho sina hakika nayo.

Na mkate, ulionitoa Unguja,
nilisahau kuuliza unauzwa wapi.