Mganga Hajigangi

Otia aliidondosha ngazini,
oskiloskopu yangu ya mkononi, ile ya manjano,
akaniletea imeviringishwa skafu ya mkewe
kana kwamba ni kitoto kilichopandwa na homa.
"Nazibrola," akasema, "iliteleza tu."
Vitu vyote vya Otia huteleza tu.

Ni Februari hapa Kutaisi. Nje ya karakana
mvua inasitasita, iwe theluji au isiwe.
Mtaa wa pili lifti imegoma:
imemeza sarafu ya Bibi Domenika, tetri tano,
haikupanda, haikurudisha,
na magoti yake ya miaka themanini na mmoja
sasa yanazijua ngazi mia na ishirini na sita
kwa majina.

Bila kioo hiki sioni
umeme wa lifti unajikwaa wapi.
Na kioo chenyewe kimefumba.

Mganga hajigangi, walisema waliotangulia.
Sawa. Ila hawakusema aitwe nani
saa tatu usiku, duka la vipuri limefungwa,
na mganga mwenyewe amelala chali mezani, tumbo wazi.

Skrubu sita. Ya saba
ilijificha chini ya stika ya dhamana;
nimeitoboa bila toba.

Betri: volti saba nukta nne. Nzima.
Fyuzi: nzima.
Swichi: nzima.
Kila kiungo kizima, na maiti ni maiti.

Kisha njia ya volti tatu nukta tatu.
Ncha moja kwenye njia, ncha moja kwenye ardhi,
mita ikalia, piiii,
mahali ilipopaswa kunyamaza.
Shoti.

Kapasita arobaini na moja zinakaa njia hiyo,
rangi moja, kimo kimoja,
kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta.
Nagusa hii, inalia. Nagusa ile, inalia.
Mwizi mmoja, na mtaa mzima umenyoosha mkono.

Spiriti ya kusafishia iliisha mwezi uliopita.
Nikashusha rafuni chupa ya mjomba Karlo,
pombe ya makapi ya zabibu, kali, nyeupe;
jina lake chacha,
na wala haijachacha.

Nikaipaka kwa brashi. Bodi ikang'aa
kama uso uliotoka kunawa.
Nikaingiza volti moja tu, polepole,
kama unavyomuuliza mtoto swali
ambalo jibu lake unalijua.
Nikainama. Nikabana pumzi.

Unyevu ulitulia kila mahali.
Halafu, kando ya tundu la chaja,
doa kavu.
Dogo. Likatanuka.
Penye joto hapakai siri.

Chini ya lenzi: ufa, mwembamba kuliko unywele wa kope.
Basi huo ndio mteremko wote wa Otia.
Lehemu ikayeyuka, kibanio kikang'oa,
mita ikanyamaza,
nami sijawahi kusikia kimya kitamu vile.

Nyingine nimeitoa kwenye modemu iliyokufa,
ya nani sikumbuki. Samahani yake.

Kioo kikafumbua.
Nikakionjesha mawimbi yake yenyewe, yale ya kupimia:
juu, sawa, chini, sawa, juu,
ngazi, ngazi, ngazi,
hakuna goti litakaloziugulia.

Chaneli ya pili bado inatetemeka kidogo.
Nimeibandika plasta, nikaandika: usiiamini sana.
Otia ataisoma. Otia ataiamini.

Chupa ya mjomba imepungua vidole viwili,
na brashi haikunywa yote hiyo.

Kesho saa mbili naenda kwenye lifti.
Nikifungua kisanduku cha sarafu
nitaitafuta ile tetri tano.
Sijui nitaijuaje.
Zote zinafanana.