Theluthi Moja

Gari halikukataa kwenda. Lilisita tu,
kama mtu aliyeitwa jina lake gizani
akataka kwanza kujua anaitwa na nani.
Gia ya kwanza kwenda ya pili, pale taa za Mtaa wa Peach:
pumzi moja ya kimya, kisha teke mgongoni.

Fundi alifuta mikono, akachungulia maili.
"Laki moja na elfu arobaini na nane? Oili hiyo usiiguse.
Uchafu ndio unaoishikilia giaboksi."
Nikamlipa dola ishirini
kwa kuniambia nisifanye kitu.

Miaka sita naosha wazee zamu ya usiku.
Nakijua kitu kinachoachwa kwa sababu kimezeeka.

Jumamosi, basi. Theluji ya ziwa imesukumwa hadi mlango wa gereji.
Nimeliendesha kwanza lipate moto,
maana oili ya baridi husema uongo.
Nimeegesha pa tambarare, injini ikinguruma,
mguu kwenye breki, nikazipitia gia zote taratibu, nikarudi kwenye P,
kama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.
Kijiti nikakichomoa, nikakifuta kwa sare ya kazi iliyochanika,
nikakirudisha, nikakichomoa tena.
Mara ya kwanza haihesabiwi.

Kiwango kilikuwa sawa. Rangi ndiyo iliyonishtua.
Nilitaka wekundu wa rozela;
nikapata chai ya rangi iliyosahaulika jikoni tangu jana.
Nikanusa: mkate ulioungua, upande mmoja tu.

"Mama, imekufa?"
"Imechoka. Shika tochi, Nabintu, usiniangazie usoni."

Daftari nililikuta mbele ya kiti cha abiria
siku ile mjane aliponikabidhi funguo.
B. Wisniewski, mwandiko uliosimama wima:
tarehe, maili, lita, kila baada ya maili elfu thelathini.
Mstari wa mwisho, Oktoba, miaka minane nyuma.
Kisha karatasi nyeupe.
Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa.
Hapa mali ipo, na daftari lipo.

Nikazima injini. Jeki, kisha vigoda viwili vya chuma,
kwani jeki peke yake haiaminiki.
Nikalala juu ya katoni la nepi za wazee.
Bolti ikagoma, ikaguna, ikaachia,
na oili ikashuka ya moto, uzi mweusi usiokatika,
mpaka ikaanza kuhesabika matone.
Nikaipima kwa chupa za maziwa. Lita mbili na nusu.
Kilichotoka ndicho kitakachorudi, wala si zaidi.

Na hicho ni theluthi moja.
Nyingine imejificha kwenye konveta na mishipa yake,
haitoki hata ungeliinua gari kichwa chini.
Utajaza mpya, itachanganyika na ya kale,
utaendesha, utamwaga tena theluthi ya mchanganyiko,
na kila mara kitabaki kidogo cha mwanzo.

Nikacheka chini ya gari. Nabintu akauliza nini.
Ningemwambiaje? Miaka kumi na moja niko hapa Erie,
nalipa kodi, nasema "sorry" nikikanyagwa,
na nikijikata kidole bado naita mama
kwa lugha ya Uvira.

Mpya iliingia kwa faneli, kwenye tundu lile lile la kijiti,
nyembamba, nyekundu hata aibu.
Nikawasha, nikapitia gia, nikapima. Nikaongeza kijiko.
Ile nyeusi nitaipeleka duka la vipuri, wanaipokea bure.

Jioni tulikwenda mpaka Mtaa wa Peach.
Ya kwanza. Ya pili.
Lilisita, ila safari hii kama mtu anayeijua sauti.

Nabintu alikuwa na kalamu.
Chini ya Oktoba ya yule bwana nikamwambia aandike,
na aandike kwa Kiswahili:
*Lita mbili na nusu. Bado mara mbili.*
Akauliza: maneno yasimame wima, kama yake?
Nikamwambia, yalaze unavyoyalaza.