Kipumulio

Asubuhi ya kwanza lilikuwa doa dogo,
upana wa kisahani, juu ya theluji ya ubavuni mwa nyumba,
karibu na gurudumu la nyuma, kushoto.
Mtaa wa Parade, mjini Erie:
ziwa lilitumwagia theluji siku tatu mfululizo
na manispaa nayo ikamwaga chumvi,
kama mke na mume wanaotupiana vyombo.

Nabintu akasema, "Baba, gari limekojoa."
Nikachutama. Nikatia kidole, nikasugua kwa gumba.
Mafuta ya breki ni mepesi, huteleza kama uongo mpya.
Ya injini yangekuwa meusi, na yangetokea mbele.
Haya yalikuwa mazito, rangi ya mkandaa,
yananuka kiberiti na yai viza,
harufu inayokaa puani hadi kesho kutwa
unapomega ugali.
Mafuta ya difu.

Usiku nikatandika kadibodi ya friji chini ya gari.
Kulipokucha, matone yalikuwa yametoa ushahidi:
saba ubavuni mwa rimu, moja tu katikati.
Basi, sili ya ekseli.
Hukumu niliitoa kabla ya chai.

Jumamosi: jeki, stendi mbili, vigingi magurudumu ya mbele.
Nati ya nne iligoma kwa kutu,
nikaikanyagia spana kwa kilo zangu zote themanini na mbili.
Dramu ilipotoka, viatu vya breki vilikuwa vimelowa,
vinang'aa kama vidole vya mtu aliyetoka kula pilau.
Nilikuwa nampeleka mtoto shule kwa breki hizo.
Hilo sikumwambia mama yake.
Namwandikia hapa.

Nikachomoa ekseli. Beringi nikaizungusha kwa kidole:
kimya, haina mkwaruzo.
Sili ya zamani ikang'oka,
mdomo wake wa mpira bado laini.
Hapo ningesimama. Mdomo laini hauvuji bure.
Lakini baridi ilikuwa inanitafuna masikio,
nikagonga mpya kwa kipande cha bomba,
taratibu, kwa kuzunguka, isilale upande,
nikafunga viatu vipya, nikajaza mafuta,
nikajisifu mezani.

Siku tisa.
Doa likarudi pale pale,
kama mpangaji mwenye ufunguo wake.
Ufa nimeuziba, na ukuta bado unalia.

Senad wa nyumba ya pili,
aliyetengeneza malori kwao Zenica
kabla vita havijamfanya mfagiaji wa hospitali huku,
akaja na kahawa mkononi. Gurudumu hakulitazama.
Akalala chali thelujini, akaangalia juu ya ekseli, katikati,
akauliza kwa Kiingereza chetu cha kuazima:
"Hii inapumulia wapi?"

Palikuwa na kikofia cha chuma pale,
kidogo kuliko kifuniko cha soda.
Tope na chumvi ya majira saba ya baridi
vilikuwa vimegeuka saruji.
Difu ikipata joto barabarani, hewa ndani hufura;
ikinyimwa mlango, hutafuta dirisha.
Inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma sili,
na sili, maskini,
ndiyo inayokamatwa na mali ya wizi.

Nabintu akaleta sindano yake ya kusukia nywele.
Nikachokonoa, nikachokonoa,
hadi ikatoka: fsss,
pumzi ndefu, chafu,
kama ya mfiwa aliyejikaza
mpaka mgeni wa mwisho akaaga.

Nilibaki nimelala pale, mgongo unaloa.
Nikawaza kiwandani, saa kumi kila usiku,
vifuniko vya plastiki vikipita mbele yangu,
na simu za nyumbani ninazojibu, "Hatujambo, hatujambo."
Senad akauliza kama nimeumia.
Chumvi tu, nikasema. Imeniingia machoni.

Sili sikuigusa tena.
Sasa ni Machi, kadibodi ingali chini ya gari.
Ina doa moja jipya.
Nimelinusa: chai, ya Nabintu,
na sukari amezidisha.