Nguzo ya Arobaini na Moja

Ibra, mwaka ule wa nguzo.
Mimi karani na mkalimani, kiatu kimepasuka kisigino,
nimebeba daftari, rangi nyekundu, na chupa ya maji
ya Bwana Fintani, mhandisi wa Ayalandi,
shingo imeiva kwa jua kama aliyekabwa,
akihesabu hatua kutoka mtende hadi mtende
kwa lugha ya kwao, ambayo hata kwao, alisema,
waliobaki kuihesabia ni wachache.

Mimi nilizaliwa Mkunazini, chini ya balbu.
Nikaja kwa watu wa kandili, nikaambiwa nimerudi.
Nilirudi nisikopata kufika.
Kiarabu changu kilinukia nazi,
watoto wa mtaani wakikirudia nyuma yangu wakicheka.

Nguzo ya arobaini na moja iliangukia
shamba la Bi Shinuna bint Muhanna,
baina ya mkhalasi na mfereji wa falaji.
Alikuja akasimama juu ya kigingi chetu,
hasa juu yake, kwa unyayo.
"Muulize huyu. Kwao ulikujaje?"

Fintani akavua kofia.
Kwetu alikuja mtu wa kamati, na baiskeli, na fomu,
nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko.
Wakubwa wa mji mkuu walikuwa wamesema
taifa halijengwi gizani.
Baba akakataa saini: leo nguzo, kesho kodi.
Jirani akatia. Miezi minane tukautazama mwanga wa jirani
kama mwenye swaumu anusavyo sambusa.
(Sambusa ni yangu. Yeye alisema mkate.)
Mwisho bibi akaiba kalamu, akasaini jina la mwanawe.
Usiku wa kwanza, alipoyaona masizi
ya miaka sitini ukutani,
alilia, kisha akaagiza chokaa.

Bi Shinuna alicheka mpaka shela ikamdondoka begani.
Kisha hakucheka.
"Na sisi, fomu yetu iko wapi?"

Mfukoni nilikuwa na waraka wa wizara:
aya tatu, mhuri mmoja, saini moja,
wala hapana mstari mtupu wa jina lake.

"Amesemaje?" akauliza Fintani.
Nikasema: anauliza utawaka lini.

Jioni, juu ya boneti ya Landrova,
akanimalizia bila kuulizwa.
Umeme ulikuja, na redio, na sauti ya kiongozi
ikiwaomba wananchi subira.
Kaka zake wanne, chini ya taa mpya,
walisoma matangazo ya kazi za ng'ambo.
Akabaki mmoja, na ng'ombe, na mashine ya kukamua.
"Waliotuletea hawakuwa waongo," alisema.
"Walikuwa na haraka."

Sisemi giza lilikuwa tamu.
Binti yangu Thuraya alitanguliza miguu,
saa nane usiku, chini ya taa ya hospitali,
na waya uliomtoa ulipita kwenye nguzo ile.
Bi Shinuna naye, mitende mitatu ilipokatwa,
alinunua friji, akaiweka barazani
mbele ya wageni, kama bwana harusi,
akamnywesha maji baridi kila mpita njia
isipokuwa mimi.

Wanawe wako Masqati sasa. Wajukuu wako mbali zaidi.
Mtaa wa kale umefungiwa taa za chini kwa chini,
watalii wauone ulivyokuwa.
Kuta zimeng'ara. Ndani hamna mtu wa kuzima.

Mwezi uliopita nilikwenda peke yangu.
Nguzo ni ya chuma siku hizi,
ila kisiki cha zamani kipo kando yake,
na namba, kwa mwandiko wangu, rangi imebaki kama kutu.
Nikakanyaga palepale. Nikaisema ile sentensi
kwa Kiingereza kilichonyooka, sikupunguza neno:
fomu yetu iko wapi?

Taa ya barabarani ikawaka yenyewe.
Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika nne.